Notre Dame 1943: msimu uliokatwa vipande viwili na kalenda ya Jeshi la Wanamaji

Mechi sita, pointi 261. Mechi nne zilizofuata, pointi 79. Chukua matokeo ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame ya mwaka 1943, yakate kwa mstari kwenye tarehe 1 Novemba, utapata wastani wa pointi 43.5 kwa mechi upande mmoja na 19.75 upande wa pili. Kocha ni yuleyule, Frank Leahy. Mfumo ni uleule. Aliyekosekana upande wa pili ni kwotabeki, yaani mwongozaji wa mashambulizi na mrushaji wa pasi, Angelo Bertelli, na hakuumia, hakufungiwa, wala hakushuka kiwango. Aliitwa kambini.

Timu ilimaliza kwa kushinda mechi tisa na kupoteza moja, na waandishi waliopigia kura orodha ya shirika la habari la Associated Press wakaipa ubingwa wa taifa. Wanaousimulia msimu huu kwa kawaida hukimbilia pasi moja iliyorushwa dakika ya mwisho huko Great Lakes tarehe 27 Novemba. Pasi hiyo tutaifikia. Lakini ukitaka kujua kwa nini timu iliyowachapa wapinzani wake kama ngoma mwezi Oktoba ilikuwa inapumulia mashine mwishoni mwa Novemba, anza na kanuni za jeshi. Ndizo zilizoamua nani avae jezi ya nani, na mpaka lini.

Jeshi moja lilikataza, lingine liliruhusu

Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na mwishoni mwa 1942 umri wa kuandikishwa jeshini ulishushwa hadi miaka 18. Wachezaji wa vyuo ni vijana wa miaka 18 hadi 22, kwa hiyo ghafla kila kikosi kilikuwa mali ya serikali. Majeshi yenyewe yalihitaji maofisa wenye elimu, yakaamua kuwasomesha baadhi ya vijana hao vyuoni kwa gharama zake. Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na mpango wake, na likapiga marufuku wanafunzi wake kuchezea timu za chuo: ratiba ya masomo ni nzito, hakuna muda wa mpira. Jeshi la Wanamaji lilikuwa na mpango ulioitwa V-12, ulioanza tarehe 1 Julai 1943, na lenyewe likaruhusu. Hoja yake ilikuwa kwamba futiboli inamjenga ofisa: kugongana, kutii ishara, kuamua haraka.

Uamuzi huo ulipanga ramani ya msimu mzima. Alabama, Tennessee, Stanford na Michigan State hazikuingiza timu kabisa mwaka 1943. Michigan, Purdue, Northwestern, Duke, Georgia Tech na Notre Dame zilikuwa na V-12, na zote zilimaliza ndani ya 13 bora. Mtu anayesoma orodha ya mwaka ule bila kujua jambo hili anaweza kudhani mpira wa kusini ulikufa ghafla. Haukufa, ulipangiwa wanafunzi wa jeshi lisilotaka mpira.

Kijana wa V-12 hakuwa mwanafunzi wa kawaida. Alivaa sare, alilipwa dola 50 kwa mwezi, alibeba mzigo wa masomo wa saa 17 kwa wiki na mazoezi ya mwili ya saa tisa na nusu juu yake. Mazoezi ya timu yaliingia kwenye kilichobaki. Safari nazo zilibanwa: mwanafunzi hakutakiwa kuwa nje ya kituo chake zaidi ya saa 48, kwa hiyo timu ya V-12 ilisafiri kwa treni, ikacheza, ikageuza.

Kisha kuna suala la uhamisho, na hapa ndipo vichekesho vya msimu ule vilipo. Jeshi lilimpeleka kijana kwenye chuo kilichokuwa na nafasi, hata kama alikuwa nyota wa chuo kingine, na akifika huko anacheza papo hapo. Elroy Hirsch, aliyetia fora Wisconsin mwaka 1942, alivaa jezi ya Michigan 1943. Bill Daley wa Minnesota vilevile. Tony Butkovich na Alex Agase walitoka Illinois wakaenda Purdue, na Purdue ikaichapa Illinois 40-21. Julie Rykovich wa Illinois yeye alitua Notre Dame. Wapenzi wa soka wa leo wanaijua kadhia ya dirisha la usajili. Mwaka 1943 dirisha lilikuwa moja, lilifunguliwa na Jeshi la Wanamaji, na klabu hazikuulizwa.

Mpango huo ulikuwa na mihula mitatu kwa mwaka, kila mmoja wiki 16, na mihula ilianza tarehe 1 Julai, 1 Novemba na 1 Machi. Futiboli ya vyuo huanza mwishoni mwa Septemba na kuisha mwishoni mwa Novemba. Yaani tarehe ya kubadilisha muhula iliangukia katikati ya msimu kabisa. Wale ambao muhula wa Julai ulikuwa wa mwisho kwao chuoni walijua tangu siku ya kwanza kwamba hawatamaliza ratiba. Leahy alijua. Bertelli alijua.

Mashine ya herufi T

Bila kueleza mfumo huwezi kueleza uzito wa kumpoteza kwotabeki, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Futiboli ya Kimarekani hugawanywa katika majaribio. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapata manne mengine. Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, senta, kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kuufikisha eneo la mwisho la mpinzani ni tachidauni, pointi sita, na mkwaju wa baada yake huongeza moja.

Enzi za Knute Rockne, aliyemfundisha Leahy mwenyewe, Notre Dame ilitumia mpangilio ambamo senta aliurusha mpira hewani moja kwa moja kwa mmoja wa wakimbiaji waliosimama yadi kadhaa nyuma. Aliyeudaka ndiye aliyekimbia au kurusha pasi. Mfumo huo ulihitaji mtu mmoja mwenye kila kitu: mbio, mabavu na mkono. Bertelli alikuwa na mkono. Mbio hakuwa nazo za kutisha.

Mwaka 1942 Leahy akavunja nyumba ya mwalimu wake na kuleta mfumo wa T. Wapenzi wa zamani walinuna, na matokeo ya mwaka ule, ushindi saba, vipigo viwili na sare mbili, hayakuwatuliza. Katika T, kwotabeki husimama akimgusa senta kwa nyuma. Mikono huwekwa chini ya makalio ya senta, vifundo vya mikono vimegusana, mkono wa juu ukibonyeza kidogo ili senta ajue mpira uende wapi. Nyuma yake wakimbiaji watatu wamesimama kwa mstari wa kukingama, na ukitazama kutoka juu unaona herufi T. Senta anapoupandisha mpira, kwotabeki anageuka akiwapa mabeki mgongo. Hapo ana mambo matatu: kumkabidhi mkimbiaji mpira, kujifanya anamkabidhi, au kurudi nyuma na kurusha. Kanuni za vyuo za wakati ule zilidai pasi irushwe kutoka angalau yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia (sharti hilo liliondolewa 1945), kwa hiyo baada ya kugeuka lazima ahesabu hatua zake za kurudi.

Faida ni kwamba kwa nusu sekunde mabeki hawaoni mpira uko wapi. Mkimbiaji anapita kwenye mwanya kwa kasi kamili, na mwanya huo hauhitaji kushikiliwa wazi kwa muda mrefu. Ukifunguka kidogo tu, ameshapita.

Madhara nayo ni ya nusu sekunde hiyohiyo. Kwotabeki akiwahi kuondoa mikono, mpira unagonga ncha za vidole na kudondoka. Akigeukia upande usio wake, anagongana na mkimbiaji wake mwenyewe. Senta akianza kusonga mbele kabla mpira haujashikwa, umbali unaongezeka kwa inchi chache na inchi hizo zinatosha kuharibu kila kitu. Ndiyo maana kwotabeki na senta hufanya mazoezi kama jozi, mamia ya mara, mpaka mmoja ajue urefu wa mikono ya mwenzake. Ukimwondoa kwotabeki katikati ya msimu, umevunja jozi hiyo, na umebadilisha pia mdundo ambao wakimbiaji watatu wameuzoea.

Oktoba

Pittsburgh walifungwa 41-0 tarehe 25 Septemba, Georgia Tech 55-13 wiki iliyofuata. Tarehe 9 Oktoba Notre Dame, nambari moja katika kura, walikwenda Ann Arbor kucheza na Michigan, nambari mbili. Tangu kura ya Associated Press ianzishwe mwaka 1936, nambari moja na nambari mbili hawakuwahi kukutana uwanjani. Watu zaidi ya 86,000 waliingia, katika nchi yenye mgao wa petroli.

Michigan ya Fritz Crisler ilikuwa na Hirsch na Daley, wote wa kuazimwa na jeshi. Haikusaidia. Creighton Miller wa Notre Dame alichoropoka mara moja akakimbia yadi 66 hadi tachidauni, na matokeo yakawa 35-12. Saa ya umeme ya uwanja iliharibika, robo ya tatu ikachezwa dakika 23 badala ya 15, na walipogundua wakaifupisha robo ya nne ikawa dakika saba ili hesabu ya jumla itimie. Hakuna aliyelalamika sana. Kwa tofauti ya pointi 23 hata saa nzima isingebadilisha kitu.

Baadaye Wisconsin 50-0, Illinois 47-0, na tarehe 30 Oktoba, mjini Cleveland, chuo cha Jeshi la Wanamaji cha Annapolis 33-6.

Takwimu za Bertelli katika mechi hizo sita ni za ajabu kwa udogo wake. Alirusha pasi 36 tu, yaani sita kwa mechi. Zilifika 25, kwa yadi 511, na 10 kati ya hizo zilikuwa tachidauni. Pasi mbili na nusu zilizofika, tachidauni moja. Hiyo si timu iliyotegemea pasi; ni timu iliyotegemea hofu ya pasi. Kazi ya kila siku ilifanywa na Miller, aliyerudishwa uraiani na Jeshi la Nchi Kavu kwa sababu ya shinikizo la damu, na ambaye alimaliza msimu na yadi 911, nyingi kuliko mkimbiaji yeyote wa vyuo nchini mwaka ule. Mabeki walisogea mbele kumzuia Miller, na walipokwisha kusogea, Bertelli akaurusha juu ya vichwa vyao. Mabeki wakirudi nyuma, Miller anapita tena. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Sharti moja: kwotabeki lazima aweze kweli kuufikisha mpira. Vinginevyo mabeki watasogea mbele na kubaki huko.

Tarehe 1 Novemba

Bertelli, wa kikosi cha Marine, aliripoti Parris Island, South Carolina, kwenye kambi ya mafunzo ya awali. Aliondoka akiwa amecheza mechi sita kati ya kumi. Mwisho wa mwezi akatangazwa mshindi wa tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo nchini, akiwa bado kambini. Hakuna haja ya kubishana kama mtu wa mechi sita alistahili. Waliomfuatia, Bob Odell wa Pennsylvania na Otto Graham wa Northwestern, hawakuwa wanyonge, lakini hakuna aliyemkaribia kwa kile alichokifanya alipokuwepo.

Aliyechukua nafasi yake ni Johnny Lujack, miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Connellsville, Pennsylvania. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa Yankee Stadium, New York, tarehe 6 Novemba, dhidi ya chuo cha kijeshi cha West Point. Alirusha pasi mbili za tachidauni, akafunga nyingine kwa miguu yake mwenyewe, na akanasa pasi ya mpinzani. Matokeo 26-0. Hilo la kunasa pasi lisikupite: kanuni ya kubadilisha wachezaji ilikuwa imelegezwa 1941, lakini bado wachezaji wengi walibaki uwanjani kwa kushambulia na kulinda pia. Kwa hiyo Notre Dame, ilipompoteza Bertelli, ilikuwa inatafuta kwotabeki na mlinzi wa nyuma kwa wakati mmoja. Katika kulinda, Lujack alikuwa bora kuliko Bertelli. Hili husahaulika.

Wiki iliyofuata Northwestern, pamoja na Otto Graham wao, walifungwa 25-6.

Hapa inabidi turudi kwenye zile namba za mwanzo, kwa sababu zina mtego. Mtu atasema: wapinzani wa Oktoba walikuwa dhaifu, wa Novemba walikuwa wagumu, Bertelli hana uhusiano na lolote. Ni kweli kwamba Wisconsin na Illinois, waliotoa pointi 97 kati ya 261, walikuwa maganda matupu; V-12 hiyohiyo iliyoijenga Notre Dame ndiyo iliyowakamua. Pittsburgh nao hawakuwa na kitu. Waondoe wote watatu. Wanabaki Georgia Tech, Michigan na Annapolis, ambao katika kura ya mwisho walishika nafasi za 13, 3 na 4. Dhidi ya hao Notre Dame ya Bertelli ilifunga 55, 35 na 33, wastani wa 41. Wapinzani wanne wa Novemba walimaliza nafasi za 11, 9, 2 na 6. Dhidi yao wastani ni 19.75. Daraja la wapinzani linakaribiana. Pointi zimepungua kwa zaidi ya nusu. Mtego umefumuka na tofauti bado ipo.

Kilichopungua si ushindi, bali nafasi ya kukosea. Timu inayoongoza kwa pointi 30 inaweza kudondosha mpira, kukosa mkwaju, kusinzia dakika mbili. Inayoongoza kwa pointi moja haiwezi.

Timu zilizozidi kunona

Wapinzani wawili wa mwisho hawakuwa vyuo. Seahawks walikuwa timu ya shule ya awali ya marubani wa Jeshi la Wanamaji, iliyokuwa Iowa City katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Iowa. Jeshi lilikuwa na shule kadhaa za aina hiyo, na michezo mizito ilikuwa sehemu ya mtaala. Kocha wao mwaka 1943 alikuwa Don Faurot wa Missouri, aliyebuni tawi jipya la mfumo wa T miaka miwili kabla. Great Lakes ilikuwa kambi kubwa ya mafunzo ya wanamaji, kaskazini ya Chicago kando ya Ziwa Michigan, na timu yake ilifundishwa na Tony Hinkle wa chuo cha Butler, anayejulikana zaidi kwa mpira wa kikapu.

Tofauti kati ya timu hizi na chuo ni ya msingi. Chuo cha V-12 kilipewa wachezaji mwezi Julai na kikaanza kunyang'anywa Novemba. Kambi ilipokea watu wapya muda wote, na haikujali kama mtu alishamaliza chuo au alishacheza ligi ya kulipwa. Steve Lach wa Great Lakes alikuwa nyota wa Duke, akacheza ile mechi ya baada ya msimu ya Rose Bowl ya Januari 1942 iliyohamishiwa Durham, North Carolina, kwa hofu ya Wajapani kushambulia pwani ya California, kisha akaenda Chicago Cardinals. Ndani ya timu hiyo walikuwemo hata watu wa Notre Dame wenyewe: Steve Juzwik aliyemchezea Leahy mwaka 1941, na Emil Sitko, aliyekuja kuivaa jezi ya Notre Dame vita vilipokwisha. Basi kijana wa miaka 18 katika mechi yake ya nne kama kwotabeki wa kwanza alikuwa anakabiliana na wanaume wa miaka 23 na 24 waliokwisha kulipwa kwa kazi hiyo.

Tarehe 20 Novemba, South Bend, Seahawks walikuja wakiwa hawajafungwa, nambari mbili katika kura. Kwa mara ya pili msimu huohuo nambari moja alikutana na nambari mbili. Notre Dame walishinda 14-13. Tofauti yote ni mikwaju ya pointi ya ziada: kila upande ulipata tachidauni mbili, Notre Dame wakafunga mikwaju yote miwili, Seahawks mmoja. Mwezi mmoja kabla, mikwaju ya ziada ya Notre Dame ilikuwa mapambo.

Wiki moja baadaye, Great Lakes. Mechi ilichezwa kambini kwao, mbele ya umati wa mabaharia. Notre Dame walitangulia 7-0. Great Lakes wakarudisha, wakapita, 12-7. Tachidauni mbili na mikwaju yote miwili imekosa. Robo ya nne Notre Dame wakauchukua mpira karibu na mstari wao wenyewe na kuanza kusogea kwa hatua fupi, Miller na wenzake wakichana yadi tatu, nne, tano, jaribio baada ya jaribio, saa ikiliwa. Safari ilikuwa ndefu, yadi 80, na mwisho wake Miller akaingia. Mkwaju ukapita. 14-12, na saa inaonyesha kama dakika moja tu imebaki.

Safari ile ya yadi 80 ni kazi ya timu kubwa, lakini itazame vizuri. Ni majaribio mengi ya yadi chache kwa sababu mabeki wa Great Lakes walisogea mbele na kubaki mbele. Oktoba, mabeki waliosogea namna hiyo wangepigwa pasi moja juu ya vichwa na hesabu ingekuwa imekwisha dakika nane mapema, na muda wa kutosha wa kujibu ungekuwepo kwa pande zote mbili. Novemba ilibidi kulimwa kwa jembe la mkono.

Great Lakes wakaupata mpira. Lach akapewa, akarusha pasi ndefu, yadi 46, kwa Paul Anderson, ambaye alikuwa amewapita walinzi wa Notre Dame. Tachidauni, na mkwaju ukapita. 19-14.

Kanuni ya ulinzi katika dakika ya mwisho ukiongoza kwa pointi mbili ni nyepesi kuitamka: mruhusu mpinzani apokee mbele yako, usimruhusu apokee nyuma yako. Ila Great Lakes walihitaji pia kuogopwa kwa mkwaju wa uwanjani wa pointi tatu, ambao ungewatosha kushinda, kwa hiyo walinzi hawakuweza kurudi nyuma kabisa na kuachia yadi bure. Ongeza uchovu: wale walinzi wa nyuma ndio walewale waliokuwa wametoka kuusukuma mpira yadi 80. Wanaoiita pasi ile bahati nasibu wanasahau kwamba mrushaji alikuwa mtaalamu wa kulipwa na waliochelewa kumfikia mpokeaji walikuwa vijana waliokata pumzi.

Hesabu ya kura

Purdue ya Elmer Burnham ilimaliza msimu huo bila kufungwa, mechi tisa kwa tisa. Tena, mechi yake ya kwanza iliifunga Great Lakes hiyohiyo, 23-13. Kura ya mwisho ikaiweka nafasi ya tano, na Notre Dame, iliyofungwa na Great Lakes, ikabaki ya kwanza. Juu juu ni dhuluma, na watu wa Purdue hawajaacha kuikumbusha.

Lakini Great Lakes ya Septemba na Great Lakes ya mwisho wa Novemba ni timu mbili zilizovaa jezi moja. Kikosi cha kambi hakikai mwezi bila kubadilika. Na ukipitia ratiba, Purdue ilikutana na timu moja tu iliyoingia 20 bora za mwisho, ndiyo hiyo Great Lakes. Notre Dame ilikutana na saba: ya 2, 3, 4, 6, 9, 11 na 13. Ikashinda sita kati ya hizo, na ya saba ikaponyoka katika dakika ya mwisho. Waandishi hawakukosea. Kama kuna wa kulaumiwa ni mfumo uliowafanya Michigan na Purdue wagawane ubingwa wa ligi yao bila hata kukutana uwanjani.

Notre Dame haikuwa inacheza mechi za baada ya msimu enzi hizo, kwa hiyo tarehe 27 Novemba ndiyo ilikuwa mwisho wa kila kitu. Bertelli alipewa cheo cha uofisa, akapigana Guam na Iwo Jima, akajeruhiwa, akarudi. Butkovich wa Purdue aliuawa Okinawa Aprili 1945. Lujack aliingia Jeshi la Wanamaji na kutumikia kwenye meli ya kusaka manowari; alirudi South Bend 1946 na kuchukua Heisman yake mwenyewe 1947. Leahy naye alivaa sare ya wanamaji mwaka 1944, timu akamwachia msaidizi wake Ed McKeever.

Tarehe 11 Novemba 1944 Notre Dame walirudi Yankee Stadium kucheza na West Point, mwaka mmoja na siku tano baada ya ile 26-0 ya Lujack. West Point ilikuwa chuo cha kijeshi chenyewe: wachezaji wake walikuwa wameshahesabiwa kuwa jeshini, na hakuna aliyewaita kwenda kokote katikati ya muhula. Walishinda 59-0.